Mama mkwe anamlambisha mtoto wa miezi minne asali, nimwambieje?

Mama Wawili:
Shikamooni wakubwa, wenzangu habari zenu. Wiki ya pili sasa silali vizuri, naomba mnishauri.

Tunaishi Tabora mjini, Isevya, vyumba viwili na sebule. Binti yangu ana miaka mitatu na nusu, mdogo wake ana miezi minne. Mama mkwe amekuja kutoka Sikonge kumwona mjukuu, yeye na wifi yangu. Hakuja mikono mitupu: michembe, karanga, nsansa, na dumu la lita tano la asali.

Mama huyu nampenda. Nilipojifungua wa kwanza alinikanda kwa maji ya moto siku arobaini, hata ndoo hakutaka niinue. Ndiyo maana nashindwa kusema.

Jumamosi natoka kuanika nguo, namkuta kampakata mtoto, anachovya kidole kwenye asali na kumlambisha. Nikamwambia, "Mama, kliniki wamesema anyonye tu mpaka miezi sita." Akanijibu kwa upole, "Mwanangu, wote saba niliwalambisha hiihii. Mumeo huyo alipungukiwa nini?"

Sasa kinachonifunga mdomo ni hiki. Asali hiyo imetoka kwenye mizinga ya marehemu baba mkwe. Alirina asali maisha yake yote, na haya ndiyo mavuno ya kwanza tangu tumzike. Mama alipofungua lile dumu alilia. Na mtoto tumempa jina la babu yake. Nikisema asali ina hatari, naona kama namsema marehemu.

Mume wangu anasema nivumilie, mama ataondoka mwisho wa mwezi. Lakini mimi ni fundi cherehani, mchana niko kibandani, nakimbia nyumbani kunyonyesha na kurudi. Hapo katikati sijui mtoto kapewa nini. Je, hatari ipo kweli? Na nani aseme, mimi au mume wangu?

Nesi Mstaafu:
Marahaba mwanangu. Hatari ipo. Asali, hata iliyo safi kabisa, inaweza kuwa na mbegu za bakteria wa ugonjwa uitwao botulizimu. Mtu mzima akizila zinapita tu. Utumbo wa mtoto ambaye hajatimiza mwaka haujakomaa, mbegu zinaweza kuota humo na kutoa sumu inayolegeza misuli. Kuichemsha jikoni hakuziui. Ugonjwa wenyewe ni wa nadra, usilie usiku kucha kwa hayo aliyokwisha kulamba. Ila mwangalie: akikosa choo siku kadhaa, sauti ya kulia ikififia, akinyonya kwa unyonge, kope zikilegea au shingo ikiwa tepetepe, usingoje kesho, mpeleke hospitali na uwaambie alilamba asali.

Binti yako mkubwa yeye hana shida, ameshapita mwaka.

Kanyenye Juu:
Sisi sote tulilambishwa na tupo. Wazee hawakuwa wajinga.

Nesi Mstaafu:
Hakuna aliyesema ni wajinga. Wengi pia tulilala bila chandarua tukakua, na wengine tuliwazika. Mtoto mchanga aliyekufa zamani nani alimpima kujua kilichomuua?

Baba wa Wanne:
Shemeji, aseme mumeo. Mama ni wake. Neno hilohilo likitoka kwako ni mkwe anamkosoa mkwe. Likitoka kwake ni mtoto anaongea na mama yake. Na kumwambia mkeo avumilie wakati mtoto analishwa kitu kisichofaa, hapo kaka yangu amekwepa. Mimi nilikwepa hivyohivyo kwa suala la maji ya kunywa, mtoto akaharisha, mke wangu akabeba lawama peke yake. Mpaka leo naumia.

Mjukuu wa Mrina Asali:
Dada, nimekulia Urambo kwenye mizinga ya magome, hilo la marehemu nalielewa. Msimwambie mama aifiche ile asali. Mwombeni amtunzie mjukuu. Jazeni chupa moja, ifungwe vizuri, ikae mpaka mtoto atimize mwaka, na siku hiyo bibi mwenyewe ndiye amlambishe. Asali haiozi. Ikiganda, wekeni chupa kwenye maji ya uvuguvugu itayeyuka. Kwetu asali ya mzee hutunzwa, hailiwi ikaisha yote.

Mama Wawili:
Nimerudi kuwashukuru. Mume wangu alisoma uzi huu wote, la Baba wa Wanne alilisoma mara mbili. Usiku akakaa na mama uani, mimi nikabaki ndani na watoto. Sikusikia yote. Nilimsikia mama akisema, "Kwa hiyo ningemuua mwenye jina la baba yako?" Mume wangu akamwambia hapana mama, hukujua, na sisi hatukukuambia.

Kesho yake ilikuwa siku ya kupima uzito, mama akasema tunakwenda wote. Aliuliza mwenyewe, "Hata ikichemshwa?" Nesi akamjibu kwa heshima sana, akamweleza polepole. Kwenye bajaji njia nzima hakusema neno, nami nikaogopa. Tulipofika akaomba chupa. Akaijaza, akaifunga kwa kipande cha khanga yake, akaipandisha juu ya kabati.

Wifi bado amenuna, anasema nimemfundisha mama yake kulea. Hilo sijui nalifanyaje, mwenye neno aniambie. Mtoto ananyonya vizuri, choo kinatoka, shingo iko imara.

Jana binti yangu aliiona ile chupa, akaiomba. Bibi akamwambia, "Wewe chukua ya kwenye dumu. Hiyo ni ya babu, inamsubiri wajina wake mwezi wa pili. Nitakuja mwenyewe."