Tupeane uzoefu: mnafundishaje aina za myeyusho mpaka mwanafunzi aelewe?

Wakuu, habari za majukumu. Nafundisha kemia kidato cha kwanza na cha pili. Mada ya myeyusho wanafunzi wanaikariri vizuri tu: usioshiba, ulioshiba, ulioshiba kupita kiasi. Mtihani wanapata. Ila niwekee glasi mbili za maji ya chumvi mezani, uliza ipi imeshiba, darasa zima linaangalia dari. Zote maji meupe, waone nini? Mwenye uzoefu wa darasani au wa kazini alete. Nukuu za kitabu ninazo, msinihangaikie.

Mwalimu wa Kata
Mkuu, wangu nawakataza kuangalia, nawaambia waongeze. Kijiko kimoja zaidi kikipotea, ule haukuwa umeshiba. Kikibaki chini hata ukikoroga mpaka mkono uchoke, umeshiba. Kipimo ndicho hicho.

Maabara sina. Nina chupa za maji zilizokatwa shingo, bomba la sindano la duka la dawa la kupimia maji, na mizani ya kuazima. Maji mililita 100 ya joto la kawaida yanabeba chumvi gramu 36 hivi. Kabla ya kuanza kila kundi linaandika makisio yake ubaoni, na hapo ndipo kelele zinapoanza, maana wengi hukisia vijiko viwili vitatu.

Ila chonde, msitumie chumvi kuonyesha kwamba maji ya moto huyeyusha zaidi. Tunaikimbilia kwa sababu ipo, lakini kutoka maji ya kawaida hadi yanayochemka inapanda kutoka gramu 36 hadi 39 tu. Mwanafunzi makini atakwambia hajaona tofauti, na utamjibu nini? Tumia sukari. Gramu 100 za maji kwenye nyuzi 20 zinapokea sukari gramu 200 hivi, na karibu na kuchemka zinapita 480. Kwa bei ya sukari ya sasa, tumia maji mililita 10, yanatosha.

Mleta uzi
Sukari mara mbili ya uzito wa maji? Hapo umenipiga chenga.

Mwalimu wa Kata
Pima. Au muulize anayepika shira ya kaimati.

Fundi wa Maabara
Huo wa tatu, ulioshiba kupita kiasi, ndio walimu wengi wanaupita kwa mdomo tu, na dawa yake iko kabatini kwenu. Ni sodiamu thayosalfeti, ileile ya praktiko ya alama ya X inayopotea chini ya bika. Weka fuwele zake kwenye testi tyubu safi, dondosha matone machache ya maji, pasha taratibu mpaka ziwe maji yote. Ziba mdomo kwa pamba, acha ipoe bila kuitikisa. Itapoa na kubaki maji, ingawa ilipaswa kuganda. Sasa dondoshea punje moja ya fuwele. Yote inaganda mbele ya macho yao, kuanzia pale punje ilipoangukia. Kisha mpe mwanafunzi aishike: imepata joto. Swali la joto limetoka wapi watauliza wenyewe, wewe kaa kimya.

Ikiganda kabla ya wakati, tyubu ilikuwa na vumbi au mtu kagonga meza.

Binti wa Gongoni
Nasalimu kutoka kaskazini ya Malindi, kwenye mashamba ya chumvi. Huku myeyusho usioshiba ni bahari yenyewe: gramu 35 hivi za chumvi za aina zote kwa kila lita. Maji huingizwa kwenye madimbwi ya kwanza, jua na upepo vinayapunguza, yanahamishwa dimbwi hadi dimbwi. Chokaa na jasi hutangulia kutuama. Chumvi ya kula haianzi kutoka mpaka maji yamepungua kufikia kama sehemu moja ya kumi ya yalivyoingia. Waulize wanafunzi kwa nini ni sehemu ya kumi. Wakiwa na ile namba 36 kwa mililita 100 aliyoitaja mwalimu hapo juu, watapiga hesabu wenyewe.

Maji ya mwisho hayakaushwi yakaisha. Yanamwagwa, maana yamebaki na magnesi nyingi na ni machungu. Jambo hili sikuwahi kulisikia shuleni, nililikuta kazini.

Nesi wa Zamu
Mimi si mwalimu, ila tafadhali msiishie kwenye kushiba. Myeyusho usioshiba nao una hafifu na mkali, na hospitali tunaishi humo. Dripu ya chumvi ya kawaida ni gramu 9 kwa lita. Pakiti ya ORS, ile dawa ya kukoroga ya anayeharisha, ikiandikwa lita moja ni lita moja. Kuna mama hukoroga pakiti nzima kwenye kikombe akidhani dawa kali itamponya mtoto haraka, kumbe anamzidishia chumvi mtoto ambaye tayari amekauka.

Halafu wafundisheni kutofautisha myeyusho na dawa ya maji iliyoandikwa TIKISA KABLA YA KUTUMIA. Hiyo haijayeyuka, chembe zimeelea tu. Usipotikisa, dozi za kwanza ni nyepesi na za mwisho nzito.

Mwalimu wa Kata
Nesi, hiyo ya TIKISA naichukua. Ukiweka na glasi ya maji yenye matone ya maziwa, ukapitisha tochi chumba kikiwa na giza, mwanga unaonekana njia yake. Kwenye maji ya chumvi hauonekani. Jina la Tyndall, mwanasayansi ambaye jambo hilo limepewa jina lake, wataliweka wenyewe kichwani.

Mtu wa Goma
Jamani na gesi je? Zenyewe zinaenda kinyume: maji yakipata moto zinatoka, mgandamizo ukizidi zinaingia. Ziwa letu Kivu lina kaboni dayoksaidi na methani nyingi zilizoyeyuka kule chini, zimezuiwa na uzito wa maji ya juu. Upande wa Rwanda wanazamisha bomba, maji yakipanda mgandamizo unapungua, gesi inajitenga, methani inazalisha umeme. Ziwa Nyos la Kamerun lilitoa kaboni dayoksaidi yake ghafla mwaka 1986, watu wapatao 1,700 wakafa. Wanafunzi wa huku hiyo mada hawasinzii.

Mwanafunzi F2
Samahani wakubwa. Mwalimu alisema kuna myeyusho wa yabisi ndani ya yabisi. Mfano wake nini?

Sonara Mstaafu
Pete ya karati 18, kijana. Sehemu 18 kati ya 24 ni dhahabu, yaani asilimia 75, zilizobaki kwa kawaida ni fedha na shaba. Tunaziyeyusha pamoja, zikipoa huwezi kuzitenga kwa macho wala kwa kisu.

Mwanafunzi F2
Kwa hiyo hapo kiyeyushi ni dhahabu?

Sonara Mstaafu
Ndiyo, maana ndiyo nyingi. Karati 9 mpigie hesabu mwalimu wako uone atasemaje.