Kwa nini meza ya Cézanne imepinda na bado inasifiwa?

kinjekitile_brashi: Habari zenu wakuu. Najifunza kuchora, mwalimu anatupangia chupa, bakuli na matunda mezani, tunachora vilivyo, ukikosea ukingo wa meza anakata maksi. Sasa nimeona mtandaoni picha ya mchoraji Mfaransa Paul Cézanne ya kikapu cha matufaha, ile iliyopo makumbusho ya Chicago, ukingo wa meza wa kushoto na wa kulia havikutani kabisa na chupa imeegemea upande, halafu wanasema huyu ndo aliwafungulia njia wasanii wa kisasa. Naombeni ufafanuzi.

mama_turubai: Mdogo wangu, ile ni ya 1893 hivi na kapinda makusudi. Izumu hiyo picha uangalie biskuti kwenye sahani, za chini unaziona ubavuni, za juu unaziona kama umesimama unazichungulia. Mtu akikaa mbele ya meza hatulii, anainama, anageuza shingo, na Cézanne kaweka mitazamo yote hiyo kwenye turubai moja. Waholanzi wa miaka ya 1600 walichora limau limemenywa ganda linaning'inia mpaka unatamani kulishika, ufundi mkubwa sana ule, lakini jicho limesimama sehemu moja tu. Na kumbuka Ufaransa akademia ya sanaa iliweka picha za vitu vya mezani daraja la chini kabisa, za historia na dini ndo zilikuwa juu, kwahiyo huku chini mtu alikuwa na nafasi ya kujaribu mambo.

fundi_rangi: Naongezea hapo. Mwaka 1912 mchoraji Picasso alibandika kwenye picha kipande cha kitambaa cha meza cha kiwandani, kimechapishwa mfano wa kiti cha kusukwa, akazungushia kamba ya kweli badala ya fremu. Mwaka huohuo mchoraji mwenzake Braque akabandika karatasi za ukutani zenye mistari kama mbao. Kwangu mimi hapo ndo mapinduzi yenyewe, kitu cha dukani kimeingia mzimamzima. Bila hiyo huwezi kufika kwa msanii wa Marekani Warhol na turubai zake 32 za makopo ya supu, 1962.

mama_turubai: Warhol sawa, ila mapinduzi siyo lazima yawe ya kubandika. Mchoraji Morandi wa Bologna, Italia, alichora chupa na makopo yaleyale miaka nenda rudi mpaka alipofariki 1964, vyombo vingine vyenyewe alivipaka rangi isiyong'aa ili visimeremete, akasogeza kimoja kidogo tu na picha ikawa nyingine kabisa. Mimi huyo ndo ananigusa kuliko wote.

kinjekitile_brashi: Asanteni sana, sasa nimeiona ile sahani. Je naweza kujaribu hivyo na mimi bado mwanafunzi?

fundi_rangi: Jaribu tu. Ya mwalimu mpe iliyonyooka, nyumbani chora bakuli moja umekaa, halafu simama uchore tena juu ya karatasi ileile bila kufuta, kisha uitume hapa tuione.