Kijana wa miaka 17 kuhamishiwa shule ndogo ya elimu maalumu (Marekani): tukague nini kabla ya kukubali?

Mama_Kijana17
Habari za humu wadau. Kijana wangu ana usonji, yuko sekondari ya umma hapa Marekani. Kwenye kikao cha IEP (mpango wake wa maandishi wa elimu maalumu) wamependekeza ahamie shule ndogo ya umma ya elimu maalumu, ya vijana wakubwa peke yao, wanaobaki hadi miaka 21. Wanasema huko atafundishwa kazi, usafiri na kujitegemea. Diploma ya kumaliza sekondari bado atapata? Na nitajuaje kama wanafundisha kweli au wanawalea tu hadi umri uishe? Kikao kingine ni wiki ijayo.

mwl_elimu_maalumu
Mama, anza na diploma, hapo ndipo wazazi wengi wanapoumia. Kwa sheria ya shirikisho ya IDEA, akishapewa diploma ya kawaida ya sekondari, haki yake ya elimu maalumu ya bure imekwisha, hata kama ana miaka 18 tu. Cheti cha kuhudhuria hakimwondolei haki hiyo. Anaendelea hadi ukomo wa umri wa jimbo. Majimbo mengi ni 21 au 22, Michigan ni 26.

Kwa hiyo uliza hivi: amebakiza krediti (pointi za masomo zinazohitajika kupata diploma) ngapi, za masomo gani, na hiyo shule ndogo inayafundisha? Kama haiyafundishi, kuhama sasa ni kuiacha diploma kimyakimya, na akifika 20 ndipo mtaambiwa hana aljebra. Kama anakaribia kuzimaliza, jambo ni kinyume: msikimbilie kupokea diploma kabla hajajifunza kazi na usafiri.

Halafu omba mkalimani mapema ukihitaji. Shule inawajibika kuhakikisha unaelewa kikao, na gharama si yako.

kocha_wa_kazi
Swali la pili linajibiwa na malengo yaliyoandikwa kwenye IEP. Ana 17, na sehemu ya maandalizi ya maisha baada ya shule ilitakiwa iwepo kwenye IEP tangu alipotimiza 16. Isome. Ukikuta "ataboresha ujuzi wa usafiri", hapo hakuna kitu cha kupima. Lengo zuri linasomeka hivi: "Akiwa na kadi ya nauli, atapanda basi sahihi, atabonyeza kengele na kushuka kituo chake bila kukumbushwa, safari 4 kati ya 5, kwa wiki 3 mfululizo."

Nenda ukaone darasa likiwa kazini, na uangalie mikono na mdomo wa msaidizi. Msaada unapanda ngazi: kwanza kusubiri kama sekunde tano, kisha ishara, kisha neno moja, kisha kuonyesha, mwisho kabisa kumshika mkono. Msaidizi akisema "bonyeza" kila mara basi linapokaribia kituo, kijana hajifunzi kituo, anajifunza kusubiri ile sauti. Siku msaidizi hayupo, anapitiliza.

Kwenye basi msaidizi hukaa naye siti moja, baadaye siti ya nyuma yake, kisha mwisho wa basi, kisha anamsubiri kituoni. Uliza wamefika hatua gani na vijana waliopo. Uliza pia wanafundishaje kijana akishapitiliza kituo: ashuke wapi, ampigie nani, aseme nini. Mipango mingi inaisha kwenye safari iliyokwenda vizuri, na hilo ni kosa kubwa.

Kuhusu kazi, taka idadi ya saa kwa wiki nje ya jengo, mahali penye wafanyakazi wa kawaida. Kupanga skrubu kwenye visanduku darasani mwaka mzima hakumfundishi kupokea maelekezo ya bosi asiyemjua.

Mama_Kijana17
Asanteni sana, hili la krediti halikutajwa kikaoni. Nisipokubali kuhama inakuwaje?

mwl_elimu_maalumu
Wakuletee taarifa ya maandishi: wanapendekeza nini, kwa sababu gani, na njia zipi nyingine walizifikiria wakazikataa. Sheria inataka asome pamoja na wenzake wasio na ulemavu kwa kadiri inavyofaa, kwa hiyo nusu siku kila shule ni pendekezo halali kabisa kulileta mezani. Mkishindwana ukafungua shauri rasmi kabla hajahamishwa, anabaki alipo mpaka liamuliwe.

Na huo mwaka mmoja uliobaki usiuchezee. Majimbo mengi humpa kijana mwenyewe haki za maamuzi ya elimu akifika 18, na shule inatakiwa kumjulisha angalau mwaka mmoja kabla. Kama anapata SSI (fedha za serikali ya shirikisho kwa wenye ulemavu wa kipato kidogo), itapitiwa upya kwa vigezo vya watu wazima. Kama alikataliwa kwa sababu ya kipato chenu, aombe tena akifika 18, maana kipato cha wazazi hakihesabiwi tena.

kocha_wa_kazi
Nyongeza: waombe wamwalike ofisa wa idara ya jimbo inayosaidia watu wenye ulemavu kupata kazi. Idhini ya maandishi inahitajika kabla hajaalikwa, kwa hiyo itie saini wiki hii.