Kusafisha kompyuta ya Ford 7.3 kabla ya kuchomeka chipu, naombeni mwongozo

SafariNzito

Habari zenu wakuu. Nina Ford F-250 ya 1999, injini 7.3 Power Stroke dizeli, gia otomatiki. Nimepata chipu ya kuongeza nguvu, ile inayochomekwa nyuma ya kompyuta ya injini, ina swichi ya kuchagua programu. Sasa maelekezo yaliyokuja nayo ni kikaratasi tu kinasema safisha sehemu ya kuchomeka mpaka ing'ae halafu chomeka, basi. Nikiangalia video kila mtu na lake, mmoja anakwangua kwa kisu, mwingine anapuliza dawa ya kabureta ndani kwa ndani, mwingine anasema pangusa na kitambaa inatosha. Kompyuta ya gari hii sitaki kuibahatisha kabisa. Ninachotaka kujua, naitoaje bila kuumiza ile soketi kubwa ya waya, hicho kilichopakwa kwenye kontakti ni kitu gani na kinatoka na nini, na nitajuaje kweli pamesafika kabla sijarudisha kila kitu? Gari liko vizuri, taa ya injini haiwaki, halina shida yoyote kwa sasa. Asanteni sana.

fundi_waya

Mkuu umefanya vizuri kuuliza kabla hujashika kisu. Ngoja nianze na kwa nini usafi wa pale ndio kazi yenyewe, maana ukishaelewa hapo hutakubali njia za mkato.

Hiyo chipu sio kile kiboksi kinachokaa pembeni kinadanganya sensa. Ukiichomeka inaifunga memori ya ndani ya kompyuta, na kompyuta inaanza kusoma programu yote kutoka kwenye chipu, injekta ifunguke lini na kwa muda gani, presha ya oili iwe kiasi gani, hata gia ibadilike saa ngapi kwa sababu kwenye gari lako kompyuta hiyo hiyo ndiyo inaendesha na gia boksi. Na haisomi mara moja ukiwasha halafu basi, inasoma muda wote injini inapozunguka. Njia ya kusomea ni vile vipande vya shaba kwenye ukingo wa bodi peke yake. Kimoja kikipoteza mguso hata kwa kufumba na kufumbua, kompyuta inapokea amri ambayo haipo na injini inazima hapo hapo, labda uko katikati ya kupita lori, usukani unakuwa mzito ghafla. Ndio maana nakwambia chipu nzuri kwenye kontakti chafu ni hatari kuliko kutokuwa na chipu.

Kilichopakwa pale sio uchafu, ni kinga. Kiwandani bodi inapakwa vanishi isiyo na rangi ili unyevu usile shaba, na kwenye hiyo nafasi mara nyingi kuna grisi ya silikoni pia. Grisi inatoka na kitambaa. Vanishi haitoki na kitambaa, na vanishi haipitishi umeme, kwa hiyo wanaopangusa tu gari linawaka leo, wiki ijayo linagoma halafu lawama zote anapewa aliyetengeneza chipu.

Kutoa sasa. Funguo nje, chomoa nega za betri zote mbili, gari lako lina betri 2 zimeungwa pamoja, ukichomoa moja hujafanya kitu. Kaa kidogo umeme uliobaki uishe. Soketi kubwa ya waya iko upande wa injini, kwenye ukuta unaotenganisha injini na kabini, chini ya masta silinda ya breki, imeshikwa na bolti moja katikati, spana namba 10. Hiyo bolti ndiyo inayoisukuma soketi nje kadri unavyoilegeza, so usivute waya, usichokoe na bisibisi, zungusha bolti mpaka ijitoe yenyewe. Ukiondoa na kile kishikizo cha plastiki kwenye ukuta, kompyuta inatokea ndani ya gari, chini ya dashibodi nyuma ya mkono wa pedeli ya breki ya maegesho. Nafasi ni finyu, mkono utachunika kidogo, usilazimishe, igeuze geuze itapita.

Kabla hujaiweka mezani shika chuma cha gari kwanza kutoa umeme tuli mwilini. Na usiigeuze soketi ya pini juu juu ukazigusa pini kwa vidole.

Kusafisha nitaandika chini, simu inaisha chaji.

Spana10

Mimi natumia breki klina tu, napuliza, nasugua na mswaki, kazi imeisha. Hizo nyingine naona mnatisha watu, mbona zangu zinatembea.

fundi_waya

Nimerudi. Spana10 sikatai kwamba zinatembea kaka, ila ninachopinga ni kupuliza. Ukipuliza pale dawa haibaki kwenye kontakti, inaingia ndani ya kasha inabeba vanishi iliyoyeyuka na silikoni inakwenda kuvimwaga kwenye bodi kwingine, tena hizo dawa nyingine ni kali zinalainisha plastiki na ile kinga ya ndani ambayo unaihitaji ibaki. Weka dawa kwenye kitambaa au kijiti cha pamba, sio kwenye kompyuta.

Mkuu SafariNzito fanya hivi. Toa kile kifuniko cha mpira nyuma ya kompyuta utauona ukingo wa bodi wenye mistari ya shaba pande mbili, juu na chini. Shika kompyuta ile nafasi ikiwa inaangalia CHINI muda wote unaosugua, ili vumbi la vanishi lidondoke chini badala ya kuingia ndani. Hili dogo watu wanalidharau kweli. Anza kuondoa grisi yote na kitambaa kikavu. Halafu chukua kipande chembamba cha plastiki au kijiti cha mbao ukichonge bapa, kwangua ile vanishi nene, hasa kwenye mzizi wa kontakti kule ndani kabisa inakoanzia na kwenye kona mbili za mwisho. Meno ya chipu yanafika kule ndani, na ndiko mtu huwa hafiki kwa sababu mbele pameshang'aa akaridhika.

Baada ya hapo sponji ngumu ya kusugulia, ile nyepesi isiyo na chuma, kata kipande kidogo, lowanisha kidogo na spiriti ya isopropili, sugua kwa kufuata urefu wa kontakti, kutoka ndani kuja nje. Usisugue kukatisha, ukikatisha unaweza kuinua ukingo wa shaba. Badilisha kipande kikichafuka. Msasa hapana, kisu hapana, steli wuli HAPANA kabisa, nyuzi zake za chuma zinabaki ndani siku moja zinaunganisha kontakti mbili. Ile rangi ya juu ya kontakti, sio vanishi, ni madini yaliyopakwa juu ya shaba, ni nyembamba, ukiimaliza ukafika kwenye shaba tupu umetengeneza kutu ya baadaye.

Kumaliza, ufutio mweupe wa penseli juu na chini, kisha spiriti kwenye pamba, acha ikauke vizuri. Kuhusu kujua kama imesafika, chukua tochi uielekeze kwa ubavu. Kontakti safi inaakisi sawa urefu wote. Ukiona doa la rangi ya asali, au sehemu ina mng'ao wa kioo badala ya mng'ao wa chuma, hiyo bado ni vanishi, rudia. Pamba nyeupe yenye spiriti ikitoka nyeupe mara mbili mfululizo ndio umemaliza. Mimi huwa naichukulia kazi ya jioni nzima, sio ya dakika kumi.

SafariNzito

Mkuu umenifungua sana. Swali, nikishamaliza nipake grisi ya umeme kidogo kuzuia unyevu? Na stika ya kompyuta ina kodi ya herufi na namba, ina maana gani kwa chipu?

fundi_waya

Grisi usipake kwenye kontakti. Haipitishi umeme, na meno ya chipu hayana nguvu ya kuisukuma yote pembeni, utakuwa umerudisha kile ulichokitoa.

Hiyo kodi ni muhimu kuliko unavyodhani, andika au ipige picha ukiwa umeitoa. Inaonyesha kompyuta yako ni ya toleo lipi, na chipu lazima iwe imeandikwa kwa toleo hilo. Gari mbili za mwaka mmoja zinaweza kuwa na kodi tofauti, na manuali na otomatiki ndio kabisa. Kama aliyekutengenezea hakukuuliza kodi, muulize yeye kabla hujachomeka.

DizeliBaridi

Naomba nidandie hapa. Mimi ninayo chipu tayari kwenye 7.3 yangu, inazima nikipita kwenye matuta halafu inawaka tena kama hakuna kilichotokea. Fundi kaniambia ni sensa ya kemshafti. Nibadilishe?

BontiWazi

DizeliBaridi usinunue chochote kwanza, pima hivi. Ikizima na ikakataa kuwaka, zima funguo halafu weka funguo on bila kustati, angalia taa ya hita plagi, ile ya kukwambia subiri. Isipowaka kabisa ina maana kompyuta yenyewe haijaamka, na wenye chipu mara nyingi shida iko kwenye mguso wa chipu. Taa ikiwaka kawaida lakini ukistati mshale wa mizunguko umelala kwenye sifuri hautikisiki, hapo ndio umfikirie sensa ya kemshafti, maana kompyuta haijui injini inazunguka. Injini hii pia haiwaki mpaka presha ya oili ya injekta ifike kama psi 500, so ikistati muda mrefu bila kushika na hivyo vingine viko sawa, angalia oili na pampu yake.

Wewe unasema ni matuta, mimi dau langu liko kwenye chipu. Chomoa betri, itoe, safisha upya kama fundi_waya alivyoeleza, halafu ukiirudisha ihakikishe imeingia mpaka mwisho na imenyooka, kisha uifunge na kasha la kompyuta kwa tepu nzuri. Waya wa swichi usiuache unaning'inia, ndio unaoivuta chipu kidogo kidogo kila mtikisiko.

Na kwenu wote wawili, hili sijaona limesemwa. Wekeni geji ya joto la ekzosi kabla ya kukanyaga ile programu ya juu. Gari la 1999 kiwandani lilitoka na nguvu farasi 235, chipu inaongeza dizeli nyingi kuliko hewa ambayo turbo ya kiwandani inaweza kuleta, hiyo ndio mnaiona ni moshi mweusi, na joto linapanda haraka mno ukiwa na mzigo mlimani. Wengi wetu tunashikilia isizidi digrii 1250 za Fahrenheit kabla ya turbo, ni kama 675 za Selsiasi, ukifika hapo toa mguu. Pistoni za alumini hazikupi onyo la pili. Ukivuta trela tumia programu ya kuvutia mzigo, sio ile ya mbio, ziliandikwa tofauti kwa sababu.

Spana10

Hapo kwenye kuivuta waya umenena, nina moja ilinisumbua muda mrefu na kumbe ni hicho tu. Na ile ya kushika nafasi iangalie chini nimeichukua.

SafariNzito

Wakuu nimerudi na majibu. Nimeitoa jana, bolti ile kweli inaisukuma soketi yenyewe, sikuvuta kitu. Vanishi ya mbele ilitoka haraka lakini kule kwenye mizizi ilikuwa nene kweli, ningeangalia kwa macho tu bila tochi ningesema imeisha. Kodi nimelinganisha na ya chipu, ziko sawa. Nimerudisha, funguo on taa ya hita plagi ikawaka, injini ikashika mara moja. Nimeliacha likanguruma nikagonga gonga kasha la kompyuta kwa kiganja, halijatikisika wala kukata. Bado niko kwenye programu ya kiwandani mpaka geji ya ekzosi ifike. Kitu kimoja, gia zinabadilika ngumu ngumu kidogo kuliko zamani, nihofu?

fundi_waya

Safi sana mkuu, hiyo ya kugonga na kiganja ni kipimo kizuri, irudie injini ikiwa imepata moto maana vitu vinatanuka.

Gia usihofu kwanza. Ulipochomoa betri kompyuta ilisahau ilichokuwa imejifunza kuhusu gia boksi yako, endesha kawaida siku kadhaa bila kukanyaga sana itajipanga. Tena chipu nyingi zinaongeza presha ya gia makusudi ili klachi za ndani zisiteleze nguvu ikiongezeka, so ugumu kidogo ni kinga. Ila ikianza kuteleza, yaani mizunguko inapanda gari haliongezi mwendo, rudi programu ya chini na uangalie hydroliki ya gia boksi, rangi na harufu, kabla hujaendelea.

Ngurumo6L

Samahani, na mimi mwenye Ford 6.0 ya 2004 nifuate hatua hizi hizi?

BontiWazi

Hapana kaka, yako haina hii habari ya kuchomeka chipu nyuma ya kompyuta. Hiyo inaandikwa programu mpya kupitia soketi ya kupimia chini ya usukani. Usiifungue kompyuta. Kwako hakikisha tu betri zote mbili zina chaji ya kutosha na uweke chaja wakati wa kuandika, maana umeme ukishuka katikati kompyuta inaweza kubaki na programu nusu. Fungua uzi mpya tukuelekeze vizuri, 6.0 ina mambo yake ya kuangalia kabla ya kuongeza nguvu.