Biskuti za Krismasi na watoto, bila oveni: unga gani unavumilia mikono yao?

Upawa:
Habari zenu wanajiko. Tarehe 24 nitakuwa na watoto watano nyumbani, mdogo ana miaka 3 na mkubwa 10. Nataka biskuti za sikukuu wazitengeneze wao wenyewe, si kukaa pembeni wakitazama. Nina jiko la gesi la plati mbili, jiko la mkaa, sufuria kubwa nzito na friji ndogo. Oveni sina, mizani sina. Nisichokielewa ni hiki: unga uleule, akiushika mtu mzima biskuti zinatoka sawa, wakiushika watoto zinakuwa ngumu au zinatandaa na kupoteza umbo. Nitumie vipimo gani, na nitaokaje?

Mwokaji_Tanga:
Ngumu na kutandaa ni matatizo mawili tofauti, usiyatibu kwa dawa moja.

Ugumu unatokana na kukanda. Unga wa ngano ukishakutana na majimaji kisha ukakandwa, gluteni, yaani protini ya ngano, inajenga nyuzi zinazovutika. Kwenye chapati ndicho tunachokitaka, kwenye biskuti ndicho kinachoharibu. Mtoto hajui kuacha kukanda. Kutandaa kunatokana na mafuta kulainika: mikono ya watoto ina joto, Desemba ina joto, na majarini inayeyuka kabla unga haujashikana kwenye moto.

Kwa biskuti za kusukuma na kukata maumbo, shika uwiano wa 1-2-3: sukari fungu moja, mafuta mawili, unga matatu, kwa uzito. Majarini pakiti ya gramu 250, sukari gramu 125, unga wa ngano gramu 375, chumvi chembe, vanila kijiko 1 cha chai. Hakuna yai wala bekingi pauda, na usishawishike kuongeza. Bekingi pauda inavimbisha, kwa hiyo nyota inarudi kuwa duara.

Bila mizani: majarini tayari imepimwa na kiwanda. Mwaga pakiti ya unga ya kilo 1 katika mafungu manne sawa. Fungu moja na nusu ni gramu 375. Sukari ni nusu kikombe cha mililita 250 na vijiko 2 vya chakula, uipime kabla ya kuisaga. Isage kwenye blenda, maana sukari yetu ina chembe kubwa. Chembe ambazo hazikuyeyuka zinaacha madoadoa na kufanya biskuti itandae.

Piga majarini na sukari kwa mwiko dakika 2 tu, mpaka zichanganyike. Ukipiga mpaka povu jeupe kama la keki unaingiza hewa, na hewa hiyo nayo inaharibu umbo. Tia unga wote kwa pamoja, watoto waukusanye kwa ncha za vidole mpaka ushikane, basi. Mkubwa ausukume kati ya karatasi mbili za kuokea, unene wa milimita 5 au 6, ukiwa bado laini. Kisha uweke friji dakika 30 ukiwa bapa hivyohivyo. Wengi wanaweka donge zima, linakuwa gumu, halafu wanahangaika kulisukuma. Ukitoka friji ndipo wadogo wakate kwa mdomo wa glasi au vikatio.

Soma pakiti ya majarini. Zile za kupaka mkate zenye mafuta pungufu zina maji mengi. Tafuta yenye mafuta asilimia 80 au karibu na hapo. Na unga usiwe ule uliokwisha kutiwa cha kuumulia.

MakaaJuu:
Mimi najibu la moto tu.

Biskuti zinataka moto wa juu na chini, wa juu uwe mkubwa zaidi. Tandaza mchanga mkavu safi au chumvi ya mawe kwenye sufuria, kimo cha sentimita 2. Juu yake weka sahani ya bati au trei ndogo. Isiguse kuta za sufuria. Funika kwa mfuniko bapa wa chuma usio na kishikio cha plastiki. Pasha moto dakika 15 kabla ya kuweka biskuti. Zikishaingia, gawa makaa: theluthi moja chini, theluthi mbili juu ya mfuniko. Makaa yawe yamekolea na kuanza kuota majivu, si yale yanayowaka ndimi.

Biskuti za milimita 5 zitachukua dakika 12 mpaka 15. Funua kwa mara ya kwanza dakika ya 10, ukitumia koleo, majivu yasidondokee ndani. Ziko tayari kingo zikianza kuwa kahawia na katikati pakiwa peupe. Zitakuwa laini bado, na hapo ndipo watu wanapokosea: wanazirudisha motoni zikauke, zinaungua. Ziache juu ya trei dakika 5, zitakaza zenyewe.

Ukilazimika kutumia gesi peke yake, moto uwe mdogo kabisa na muda uende dakika 20 hadi 25. Juu hazitabadilika rangi, usizisubiri. Dakika 5 za mwisho sogeza mfuniko kidogo mvuke utoke, la sivyo matone yanarudi juu ya biskuti na kuzilainisha. Sufuria ya kutoshikisha, ile yenye rangi nyeusi ndani, isitumike kwa kazi hii. Haifai kupashwa moto ikiwa kavu.

Mkaa ukae nje au kwenye baraza wazi, kamwe si jikoni palipofungwa, na watoto wasikaribie. Wao kazi yao iko mezani. Na kabla ya kuoka zote, oka moja ya majaribio. Ikitandaa, rudisha zilizobaki friji dakika 15 na upunguze moto wa chini.

Hiliki:
Dada Upawa, ushauri wa hapo juu ni mzuri, lakini kwa mtoto wa miaka 3 umechagua njia ngumu. Kusukuma na kukata ni kazi ya huyo wa miaka 10. Hao wadogo wape vileja.

Watu wa pwani wanavijua kama biskuti za Idi, ila hakuna anayezuia kuvila Krismasi. Faida yake kwako ni kwamba vinafanywa kwa unga wa mchele, na mchele hauna gluteni. Mtoto auviringe, aubonde, auviringe tena nusu saa nzima, hauwi mgumu. Swali lako la mikono linaishia hapo.

Unga wa mchele laini gramu 500, samli gramu 250, sukari iliyosagwa gramu 200, mayai 2, hiliki ya kusaga kijiko 1 cha chai, bekingi pauda kijiko 1 cha chai. Samli iwe imeganda kidogo, isiwe ya kumiminika. Piga samli na sukari mpaka ziwe nyeupe (hapa hewa inatakiwa, tofauti na zile za kukata), tia mayai moja moja, hiliki, halafu unga uliochanganywa na bekingi pauda. Acha upumzike dakika 30 mchele unywe majimaji. Viringa vidonge vya ukubwa wa ndimu ndogo, bonyeza kwa uma, weka tone la rangi katikati kwa kijiti. Hilo tone ndilo kazi ya mtoto wa miaka 3, na ataifanya kwa makini kuliko wewe.

Moto uwe mdogo kuliko wa biskuti za ngano, dakika 15 hadi 20. Kileja kizuri kina chini ya dhahabu na juu peupe. Usikiinue kikiwa cha moto, kitavunjika. Kiache kipoe kabisa kwenye trei. Kikimung'unyika hata kikipoa, unga ulikuwa na chenga: chekecha kwa chekeche ya matundu madogo. Kama umesaga mchele uliolowekwa, ukaushe vizuri kwanza, vinginevyo vipimo vyote vinapotea.

Upawa:
Asanteni sana. Basi nitafanya aina zote mbili. Mapambo je? Rangi za dukani sizipendi kwa hao wadogo. Na yule wa miaka 3 lazima ataramba unga.

Mwokaji_Tanga:
Asirambe, hata ule usio na yai. Unga mbichi nao unaweza kuwa na vijidudu. Ukioka ndipo unakuwa salama. Mpe biskuti ya majaribio ya MakaaJuu, itamtuliza.

Sukari ya kupambia: saga gramu 200 za sukari na kijiko 1 cha chai cha wanga wa mahindi mweupe wa kopo (konflawa, si unga wa ugali), mpaka iwe vumbi. Chekecha. Tia maji ya ndimu kidogo kidogo, jumla isizidi vijiko 2 vya chakula. Ukichota kwa kijiko, uzi unaodondoka ubaki unaonekana juu kwa sekunde 10 hivi ndipo uzame. Ukizama mara moja ni mwepesi, utamwagika pembeni, ongeza sukari. Kwa waridi, badili kijiko kimoja cha chai cha maji kwa juisi ya kiazi chekundu cha saladi, bitiruti. Kwa njano, chembe ya manjano kwenye ncha ya kisu, zaidi ya hapo utaonja mchuzi. Kwa kahawia, kakao.

Pamba biskuti zikiwa zimepoa kabisa, kisha ziache wazi angalau saa 3. Ukizifungia kwenye kopo mapema zinanata.

Hiliki:
Njugu na zile punje ngumu za kupambia mwekee mkubwa tu. Chini ya miaka 5 zinaweza kumkaba mtoto. Na usiweke vileja kopo moja na zile za sukari juu, zitavipa unyevu. Kila aina na kopo lake.

MakaaJuu:
Kama ni aina mbili, anza na zile za ngano makaa yakiwa makali, kisha vileja makaa yakianza kufifia. Mkaa hutaongeza.