Nefi na Abrahamu: tunaweza kuwapima kwa kipimo kimoja?

Kijana wa Kamalondo

Wandugu, jambo. Nyumbani kwetu hapa Lubumbashi mabishano hayaishi tangu yaya wangu, yaani mkubwa wangu wa kuzaliwa, abatizwe kwa Wamormoni. Sisi wengine ni Wametodisti tangu babu. Juzi tukiwa tunakula bukari, baba akamwuliza: “Huyo Nefi wenu wa Kitabu cha Mormoni, nani amewahi kuona hata chungu chake?” Yaya akajibu: “Na Abrahamu wetu sote, baba, chungu chake kiko wapi?” Baba alikasirika, lakini jibu hakuwa nalo. Mimi naona swali la yaya ni la haki. Hekalu lao la hapa mjini lilitangazwa mwaka 2020 na vijana wengi wanakwenda kwao, kwa hiyo si kwetu tu. Anayejua historia anisaidie, bila kutukana dini ya mtu.

Mwalimu wa Historia

Mdogo wangu, yaya wako ameuliza vizuri, na sitambeba baba yako.

Abrahamu hana ushahidi wa nje. Musa pia. Hakuna jiwe wala kibao cha zama zao kinachowataja, na anayekuambia kimepatikana usimwamini, hata akiwa mchungaji. Kwa Daudi mambo yanaanza kubadilika. Mwaka 1993 na 1994, huko Tel Dan, kaskazini mwa Israeli, vilipatikana vipande vya jiwe la karne ya 9 kabla ya Kristo. Mfalme wa Aramu anajisifu kuwaua maadui zake, na wataalamu wengi wanasoma pale “nyumba ya Daudi”. Adui hana sababu ya kuwatungia watu babu. Ila kuhusu Goliathi, jiwe halisemi kitu.

Sasa fungua Yeremia 38:1. Wametajwa wakubwa waliotaka nabii auawe, wakiwemo Gedalia mwana wa Pashuri na Yukali mwana wa Shelemia. Alama za mihuri yao zimechimbuliwa Yerusalemu: ya Yukali mwaka 2005, ya Gedalia mwaka 2008. Ni vidonge vya udongo, kila kimoja kama ukucha wa kidole, vya kufungia waraka uliokunjwa. Waraka umekwisha, udongo umebaki na jina la mtu na la baba yake. Na Yehoyakini, mfalme wa Yuda aliyepelekwa uhamishoni? Vibao vya Babeli vinaandika mafuta aliyogawiwa yeye na wanawe. Hakuna muujiza hapo, ni karani anafanya hesabu zake, na ndiyo maana nakiamini kibao hicho sana. Yeremia mwenyewe bado hajaonekana, lakini waliomtesa tunawashika mkononi.

Nimechagua miaka hiyo makusudi. Kitabu cha Mormoni kinaanzia hapo hapo: Lehi, baba yake Nefi, anatoka Yerusalemu siku za mfalme Sedekia, karibu mwaka 600 kabla ya Kristo, na jamaa yake wanavuka bahari hadi Amerika. Huko ndiko tunakwama. Kitabu kinasimulia miji, vita vikubwa, farasi, ngano, chuma cha pua. Hakuna mji hata mmoja wa Wanefi ambao wanaakiolojia wasio waumini wameutambua. Nayo mabamba ya dhahabu ambayo Joseph Smith, mwanzilishi wa Umormoni, alisema ndiyo aliyoyatafsiri kuwa kitabu hicho, alisema yalirudishwa kwa malaika, kwa hiyo hakuna awezaye kuyachunguza.

Sisi wa Katanga hili linatuhusu. Kalala Ilunga, shujaa wa masimulizi ya Waluba, hana jiwe lenye jina lake. Alibebwa na wazee wanaosoma lukasa, ule ubao wa shanga. Lakini Sanga, kando ya ziwa Kisale, makaburi yalichimbwa kuanzia mwaka 1957, yakatoka vyungu, vyuma na misalaba ya shaba ya watu walioishi pale karne nyingi. Jina la Kalala halimo, ila wahunzi na shaba wanaosimuliwa pamoja naye wamo. Kwa Yeremia dunia yake ipo. Kwa Nefi, akishafika Amerika, hata dunia yenyewe inakosekana.

Mama wa Katuba

Mwalimu, asante kwa kuandika kwa heshima. Mimi ni muumini wa kanisa la Wamormoni. Umeacha madhabahu za Yemen, karibu na Marib, zenye jina la kabila la Nihm, za karne ya 7 au 6 kabla ya Kristo. Sisi tunaona hapo Nahomu, alipozikwa Ishmaeli, yule aliyesafiri na Lehi, katika 1 Nefi 16. Na mashahidi kumi na mmoja walitia sahihi kwamba waliyaona mabamba. Oliver Cowdery, David Whitmer na Martin Harris waligombana na Joseph Smith, wakaachana na kanisa, na bado hawakukana. Lakini mimi sikubatizwa kwa ajili ya madhabahu. Niliomba kama Moroni 10 ya kitabu chetu inavyoagiza, nikajibiwa.

Mwalimu wa Historia

Mama, madhabahu hizo ni za kweli na zihesabiwe. Zinaonyesha jina lilikuwepo Uarabuni. Kwamba Lehi alipita, hapana. Mashahidi nao wanatuambia walichoamini wameona, ila umri wa mabamba hatuupati kwao.

Sala yako siigusi. Mimi Mkatoliki naungama kwamba Yesu aliteswa kwa mamlaka ya Ponsio Pilato, akafa, akafufuka. Pilato ana jiwe lake, lilipatikana Kaisaria mwaka 1961, na Tasito Mroma aliandika kwamba Kristo aliuawa chini yake. Hayo nayatetea darasani. Ufufuko nauungama kanisani, nikijua sina jiwe la kumwonyesha mtu.

Kijana wa Kamalondo

Asanteni sana, mwalimu na mama. Baba nitamsomea hiyo Yeremia 38. Yaya anasema pia kuna Kitabu cha Abrahamu, andiko lingine la Wamormoni, kilichotafsiriwa na Joseph Smith kutoka mafunjo ya Misri ambayo yapo mpaka leo. Ni kweli?

Mwalimu wa Historia

Vipande vipo. Vilikuwa katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, na kanisa la Wamormoni likakabidhiwa mwaka 1967. Wataalamu wa Misri, waumini kwa wasio waumini, wanakubaliana kwamba ni maandishi ya maziko na hayalingani na kitabu hicho. Kanisa lenyewe liliandika hivyo mwaka 2014, pamoja na maelezo yake. Mwombe yaya wako akusomee maelezo hayo, na baba awepo.