Vitabu vya hadithi vimefungiwa stoo kwa jina la dini, na waliovifungia hawakuvisoma

Assalaamu alaykum, waungwana.

Naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Katika skuli ya shehia yetu, hapa kaskazini mwa Pemba, vitabu vya hadithi vilivyokuwamo katika chumba cha maktaba vimeondolewa rafuni, vikatiwa katika maboksi na kufungiwa stoo pamoja na madeski mabovu na ndoo za chokaa, kwa madai kwamba vinafundisha sihiri na kuwatoa watoto katika imani yao. Wazazi hatukuitwa. Hapakutolewa barua wala tangazo, na hata baadhi ya wajumbe wa kamati ya skuli wamezisikia habari hizi kwa watoto wao, kama nilivyozisikia mimi.

Namna kazi yenyewe ilivyofanywa ndiyo inayoniuma zaidi. Kwa maelezo ya mwalimu anayeshughulikia maktaba, ambaye simtaji kwa kuwa ana ajira ya kuilinda, walikuja wazee watatu baada ya sala ya adhuhuri, wakasimama mbele ya rafu, wakawa wanachagua kwa kutazama majalada. Lenye picha ya joka likatolewa, lenye mwanamke aliyevaa kofia ndefu likatolewa, lenye mwezi na popo likatolewa. Hakuna kitabu hata kimoja kilichofunuliwa kupita ukurasa wa jina. Ndiyo maana katika maboksi hayo kimo Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, Mzanzibari mwenzetu, ambacho kosa lake ni hilo neno lililoandikwa usoni. Kila aliyekisoma kitabu hicho, kilichochapishwa mwaka 1960 baada ya kushinda mashindano ya uandishi, anajua kwamba ni hadithi ya upelelezi: mtu ameuawa, maiti imekutwa mzimuni, watu wanatetemeka na kunong'onezana, na Bwana Msa, huku akivuta kiko chake, anafuatilia jambo hatua kwa hatua mpaka inadhihirika kuwa muuaji ni binadamu kama sisi. Kikitafutwa kitabu cha Kiswahili kinachomfunza kijana atumie akili kabla ya kuwasingizia mizimu, cha mwanzo kutajwa ni hicho, nacho kimefungiwa kwa hofu ya mizimu!

Niliuliza pia habari ya Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952, ambamo majini yanasema na watu na ndugu wawili wenye husuda wanageuzwa manyani. Nikaambiwa kimesalimika. Nakala yao imeng'oka jalada.

Hoja ya dini naijua, na wala siidharau. Sihiri imo katika yale madhambi saba yenye kuangamiza, tena imetajwa ya pili baada ya shirki, na hakuna Muislamu atakayesimama kuitetea. Lakini kuitenda sihiri ni jambo moja na kusimulia hadithi ambamo yumo mchawi ni jambo jingine kabisa. Mtoto wetu huanza chuo cha Qurani na juzuu amma, na kabla hajatimiza miaka minane huwa ameshahifadhi Suratul Falaq, ambamo anajikinga kwa Mola wake na shari ya wanaopulizia mafundoni. Baadaye hufika kwenye kisa cha Nabii Musa na wachawi wa Firauni, na katika Suratun Naml hukutana na Ifriti anayejitolea kukileta kiti cha enzi cha malkia wa Sabaa kabla Nabii Suleiman hajainuka mahali pake. Tafsiri ya Sheikh Abdulla Saleh Farsy imo katika nyumba nyingi za hapa, na mwenye kutaka kuhakikisha aifungue. Mtoto huyo hakukuta sihiri kwa mara ya kwanza katika kitabu cha hadithi cha Kizungu. Amekwishafunzwa kuwa ipo, kuwa ni haramu, na kuwa kinga yake iko kwa Mwenyezi Mungu.

Nitajibiwa kwamba Qurani ni haki na hadithi zile ni za kubuni. Naam, na watoto wanalijua hilo vizuri zaidi kuliko tunavyowadhania. Tumelelewa na bibi zetu waliotuambia paukwa, tukajibu pakawa, tukamsikia sungura akimhadaa fisi na jitu likimeza mji mzima, na hakuna hata mmoja katika sisi aliyeamka asubuhi akaenda kumsujudia sungura. Wala kubuni hadithi si jambo lililokuwa geni kwa wanavyuoni wa Kiislamu wa zamani. Ibn Tufayl wa Andalusia, aliyekuwa tabibu na aliyefariki mwaka 1185, aliandika habari za Hayy bin Yaqdhan, mtoto aliyelelewa na paa katika kisiwa kisicho watu, akakua na kufikiri peke yake mpaka akamtambua Muumba wake. Wazee wetu wale watatu wangemkuta paa anamnyonyesha mwanadamu kwenye jalada, nina yakini wangekitia boksini.

Nikamuuliza mmoja wao, kwa adabu, hoja hizi amezitoa wapi. Akanionyesha simu yake. Ujumbe wenyewe umezunguka WhatsApp, umeandikwa kwa Kiswahili kibovu, na umejaa maneno kuhusu vitabu vya Harry Potter vya J. K. Rowling, hadithi za mvulana anayesomea uchawi, kwamba maneno ya uchawi yaliyomo ni ya kweli na kwamba mtoto akiyatamka huita mashetani. Jambo hilo nalifahamu asili yake, na haikutoka Maka wala Madina. Ni magomvi ya makanisa ya Marekani. Huko Alamogordo, New Mexico, mwishoni mwa Disemba 2001, kanisa moja lilivichoma moto vitabu hivyo hadharani. Huko Cedarville, Arkansas, bodi ya skuli iliviondoa katika rafu za wazi, mtoto akawa hawezi kuviazima bila ya idhini ya maandishi ya mzazi, mpaka mwaka 2003 jaji alipoamuru virejeshwe mahali pake. Na mwaka 2019 skuli moja ya Kikatoliki mjini Nashville iliviondoa kwa maneno hayo hayo niliyoyaona katika simu ya mzee wangu, kwamba maapizo yake ni ya kweli. Kwa hiyo fatwa tuliyoletewa skulini kwetu kama ulinzi wa Uislamu ni hofu ya mapadri na wachungaji wa Marekani iliyovalishwa kanzu. Na tuseme kweli, hata wale wa Cedarville walipiga kura katika kikao na wakashitakiwa mahakamani; sisi tumefanyiwa mambo baina ya adhuhuri na alasiri.

Kisa cha Popobawa, shetani aliyesemekana kuwaingilia watu usiku, kila mtu mzima hapa anakikumbuka. Mwaka 1995 watu wazima, wenye ndevu zao, walilala barazani na uwanjani makundi kwa makundi kwa kuogopa kuingiliwa usiku, na hofu hiyo ikatoka Pemba ikavuka bahari mpaka Unguja. Kitabu cha kwanza cha huyo Harry Potter kilichapishwa London mwaka 1997. Nani basi aliyetutia hofu ya mashetani miaka miwili kabla, na sisi skulini tulikuwa na vitabu vya hesabu na jiografia tu, tena kimoja kwa wanafunzi watano? Na mpaka leo, katika shehia hii hii, wapo waganga wanaojulikana kwa majina na kwa njia za kwenda kwao, wanaofunga hirizi, wanaopiga ramli na kuuza makombe ya kunywa, na magari ya wageni kutoka Unguja na Mombasa yanaegeshwa mbele ya nyumba zao mchana kweupe. Sijasikia ujumbe wowote wa wazee uliokwenda huko na maboksi. Siwatuhumu wale watatu kwamba nao ni wateja. Nasema tu kwamba wameanzia mahali ambapo hapana mtu mzima wa kuwajibu.

Nakubali kwamba si kila kitabu kinamfaa kila mtoto. Vingi katika vile vilikuja kwa msaada kutoka ng'ambo, katika makatoni ambayo hakuna aliyeyachambua, na vimo vya kutisha ambavyo mtoto wa darasa la tatu hapaswi kupewa. Kazi ya kuvitenga kwa umri ni ya mwalimu, na huyu wetu alikwishaianza: vya wadogo alivibandika karatasi ya kijani, vya wakubwa nyekundu, na kila aliyeazima aliandikwa katika daftari. Daftari hilo nimeliona. Kurasa za mwisho zimejaa majina ya wasichana wa darasa la sita na la saba waliokuwa wakiazima kwa zamu kitabu kimoja kinene cha Kiingereza, kila mmoja akikaa nacho juma moja, na pembeni mmoja wao ameandika kwa penseli, "Mwalimu, cha pili kipo?" Hao ni watoto ambao tunalalamika kila mwaka kwamba Kiingereza kinawaangusha katika mitihani. Maktaba ya Chake Chake ipo, lakini nauli ya kwenda na kurudi kutoka huku kwetu ni fedha ya mboga ya siku.

Ninachokitaka ni kidogo. Maboksi yafunguliwe mbele ya kamati nzima na wazazi, na anayesema kitabu fulani kinapoteza imani akisome kwanza, kisha atuonyeshe ukurasa. Kitakachothibitika kuwa hakifai kiondolewe kwa maandishi yenye saini, na mimi nitakuwa wa kwanza kutia yangu. Vilivyobaki virudi rafuni kabla mchwa wa stoo ile hawajavimaliza, maana mvua za masika zimeshaanza na ukuta wa nyuma unavuja.

Na jambo jingine: nimeambiwa ufunguo wa stoo hauko kwa mwalimu mkuu, bali anao mmoja wa wale wazee nyumbani kwake. Hiyo ni mali ya skuli, na yeye si mwajiriwa wa skuli. Kama yupo jamaa yake anayesoma hapa, amfikishie salamu zangu kwamba kesho baada ya sala ya magharibi nitampigia hodi, kwa heshima zote, kuja kuuchukua, na mwalimu mkuu nitakuwa naye.